Diski Moja, Kompyuta Tatu: Swali la Mashine Si Amri

Na Mwandishi Wetu, Kamembe

ILIKUWA asubuhi ya kawaida ya kazi hapa Kamembe. Ukungu ulikuwa haujainuka juu ya Ziwa Kivu, na karani wetu, koplo kijana mwenye bidii, alikuwa wa kwanza kufungua ofisi. Alitakiwa kunakili taarifa za mwezi katika diski ya nje ambayo ofisi nzima ilikuwa ikiitumia kuweka nakala za akiba. Akaichomeka katika kompyuta yake. Kompyuta ikatoa maandishi kwamba diski ile haina budi kufomatiwa kabla haijaweza kutumika, kisha ikauliza: je, unataka kuifomati? Koplo akabonyeza ndiyo.

Hakuwa mzembe. Askari hufundishwa kutii, na mashine iliposema kwa sauti iliyofanana na amri, yeye alitii. Kwa muda usiozidi dakika moja kazi ya miaka minne ikatoweka machoni petu: picha za magwaride na za siku za umuganda, video za mahojiano na wazee waliostaafu, taarifa za miezi na orodha za zamu. Diski ikawa tupu kama sahani iliyooshwa.

Wiki iliyofuata alifika ofisini kwetu mtu mmoja kutoka Bugarama. Ndugu yake, askari mwenzetu, alikuwa amefariki dunia kwa maradhi, na familia haikuwa na picha yake hata moja akiwa amevaa sare. Mtu huyo alikuwa ameambiwa kwamba ofisi yetu ilipiga picha siku ya gwaride ambalo marehemu alishiriki. Aliambiwa kweli. Picha tulikuwa tumeipiga, na nakala yake pekee ilikuwa katika diski ile.

Hatuandiki makala haya ili kumwaibisha koplo wetu. Kosa lilikuwa letu sisi tuliokuwa juu yake, kwa maana tulimkabidhi kifaa bila ya kumpa maelezo. Tunaandika kwa sababu tunajua kwamba katika vituo vingi vya polisi na katika vikosi vingi, diski moja ya nje inazungushwa kutoka meza hii hadi meza ile, na wanaoizungusha hawajaambiwa linaloweza kutokea.

MASHINE TATU, LEJA TATU

Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta tatu. Karani alitumia kompyuta ya mezani yenye mfumo wa Windows. Mpiga picha wetu alitumia kompyuta ya Mac, ambayo wapiga picha wengi huipenda kwa kazi za picha na video. Fundi wa mawasiliano naye alikuwa na kompyuta ndogo yenye mfumo wa Linux. Kwa nje mashine hizi hufanana, zote zina kioo na vibonyezo, na tundu la kuchomekea diski ni lile lile. Kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba diski inayoingia katika tundu la hii itaelewana na ile.

Ili kuelewa kosa letu, msomaji na afikirie ghala la vifaa. Ghalani mna rafu nyingi, na bwana stoo ana leja inayoonyesha kila kitu kiko rafu gani. Leja ikipotea, mali bado imo ghalani, lakini hakuna anayejua buti ziko wapi na mablanketi yako wapi. Diski ni ghala, na leja yake ndiyo inayoitwa mfumo wa faili. Tatizo ni kwamba kila mtengenezaji wa mfumo wa kompyuta ana leja yake, iliyoandikwa kwa lugha yake.

Windows hutumia leja iitwayo NTFS, iliyotoka mwaka 1993. Mac ilitumia HFS+ tangu mwaka 1998, na mwaka 2017 ikaanza kuhamia leja mpya iitwayo APFS. Linux ina leja kadhaa, na inayotumika zaidi ni ext4, iliyokamilishwa mwaka 2008. Kompyuta ya Mac inaweza kusoma leja ya NTFS lakini haiwezi kuandika ndani yake bila programu ya nyongeza. Windows yenyewe, bila kusaidiwa, haisomi leja ya Mac wala ya Linux. Linux ndiyo yenye masikio mapana zaidi, maana inasoma na kuandika NTFS, lakini kwa leja mpya ya Mac nayo inahitaji msaada.

Sasa, bwana stoo mwenye busara akikabidhiwa leja ya lugha asiyoijua atasema, "Hii siijui, mwiteni mwenyewe." Kompyuta haisemi hivyo. Windows ikikutana na leja isiyoijua, mara nyingi huishauri diski ifomatiwe, yaani leja ya zamani itupwe na mpya ifunguliwe. Mac nayo huarifu kwamba diski haisomeki, kisha hutoa njia kadhaa: kuitoa, kuipuuza au kuianzisha upya. Ukifuata njia hiyo ya mwisho hadi mwisho wake, utakuwa umefuta. Diski yetu ilikuwa imeandaliwa na mpiga picha kwa leja ya Mac. Koplo alipoichomeka katika Windows, mashine ilishauri kwa ujinga wake, naye akaufuata ushauri huo.

Hili ndilo neno la kwanza tunalotaka kila askari alishike: mashine inapouliza kama diski ifomatiwe, hilo ni swali na si amri. Jibu lake ni hapana, mpaka mwenye diski aitwe.

DAWA RAHISI NA UPUNGUFU WAKE

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuifomati diski kwa leja ambayo mashine zote tatu zinaielewa. Ni kweli kwamba leja kama hizo zipo. Ya zamani ni FAT32, inayosomeka karibu kila mahali, hata katika redio za magari. Lakini FAT32 haiwezi kupokea faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi, na video ya sherehe moja ya kiapo hupita kipimo hicho mara nyingi. Ya pili ni exFAT, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2006. Hii inapokea mafaili makubwa, na Mac inaisoma na kuiandika. Mwaka 2019 Microsoft iliyaweka hadharani maelezo yake ya kiufundi, na mwishoni mwa mwaka huo huo exFAT ikaanza kuingizwa katika kiini cha Linux chenyewe.

Kwa kubebea mafaili kutoka mashine moja hadi nyingine, exFAT yafaa sana. Kwa kuwekea akiba ya mifumo mizima ina upungufu wa aina tatu.

Kwanza, haina daftari la matukio. Leja za kisasa kama NTFS, HFS+ na ext4 huandika pembeni kile kinachokusudiwa kufanywa kabla ya kukifanya, ili umeme ukikatika katikati ya kazi mashine ijue ilikoishia. Kwa exFAT, mtu akiichomoa diski wakati kazi inaendelea, leja inaweza kuharibika.

Pili, haihifadhi taarifa za nani ana ruhusa ya kusoma au kubadili faili lipi. Kwa mfumo wa Linux hasa, ruhusa hizo ni sehemu ya uhai wake. Mfumo uliorudishwa bila ruhusa zake ni sawa na kikosi kilichorudi kambini bila vyeo.

Tatu, programu nyingi za akiba haziikubali. Time Machine, programu ya akiba iliyomo ndani ya Mac, ikipewa diski ya exFAT iliyochomekwa moja kwa moja huomba kuifuta na kuiandaa upya kwa leja yake. Windows nayo, ikitakiwa kuhifadhi sura kamili ya mfumo wake, hudai NTFS. Hivyo mtu aliyedhani amepata diski ya wote hujikuta amerudi pale pale, mbele ya swali lile lile linalouliza kama diski ifutwe.

MTO MMOJA, NCHI TATU

Sisi tunaoishi hapa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kitu kimoja kinachotumiwa na watatu. Mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu na kuteremka hadi tambarare ya Bugarama, mahali ambapo Rwanda, Burundi na Kongo hukutana, kisha huendelea hadi Ziwa Tanganyika. Juu ya mto huo kuna kituo cha umeme cha Rusizi ya Pili. Kituo hicho kiko chini ya shirika la SINELAC, ambalo ni mali ya nchi hizo tatu kwa pamoja, na kimekuwa kikizalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji ni yale yale na mitambo ni ile ile, lakini kila nchi ina njia yake ya kupokelea umeme na fungu lake linalopimwa. Ushirika wa namna hiyo hudumu kwa sababu mipaka ilichorwa kabla ya mtambo kuwashwa.

Diski nayo yaweza kuchorewa mipaka. Badala ya kulazimisha leja moja kwa wote, diski hugawanywa vyumba, na kila chumba kikawa na leja ya mwenye nacho. Mathalani diski ya terabaiti 4 yaweza kugawanywa hivi: terabaiti moja na nusu kwa Mac, terabaiti moja na nusu kwa Windows, gigabaiti 700 kwa Linux, na gigabaiti 300 zinazobaki zikawa chumba cha wote chenye exFAT, cha kupitishia mafaili baina ya mashine. Kwa kawaida tunashauri chumba cha akiba kiwe angalau mara mbili ya ukubwa wa vitu vilivyomo katika kompyuta yenyewe, kwa kuwa akiba nzuri huweka na matoleo ya siku zilizopita.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba diski ni tupu, au kwamba yote yaliyomo yamenakiliwa kwingine. Kugawanya diski yenye mali ndani ni kuchimba msingi chini ya nyumba yenye watu. Jambo la pili ni kuchagua ramani ya diski iitwayo GPT badala ya ile ya zamani iitwayo MBR. MBR kwa kawaida haiwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2, na huruhusu vyumba vikuu vinne tu. Jambo la tatu ni kukipa kila chumba jina lisiloweza kukosewa: AKIBA-WINDOWS, AKIBA-MAC, AKIBA-LINUX na KUPITISHIA. Mwisho, kila kompyuta iandae chumba chake tu, na anayeiandaa asome jina na ukubwa wa chumba mara mbili kabla ya kubonyeza.

Faida ya mipaka hiyo ni kubwa. Time Machine, kwa mfano, ina tabia ya kuendelea kujaza nafasi iliyopewa mpaka iishe, ndipo ianze kufuta nakala za zamani kabisa. Ikiwa na chumba chake itajaza chumba hicho na kukomea hapo.

Hata hivyo mipaka hiyo haiondoi hatari yote. Windows ikichomekewa diski hiyo itasoma chumba chake na kile cha kupitishia bila taabu, lakini ikikutana na vyumba vya jirani bado yaweza kuuliza kama vifomatiwe. Kwa sababu hiyo tumebandika karatasi juu ya diski yetu mpya, imeandikwa kwa wino mwekundu: UKIULIZWA KUFOMATI, JIBU HAPANA. Karatasi hiyo haikutugharimu chochote.

DISKI IANDIKWE KAMA SILAHA

Katika ghala la silaha hakuna bunduki inayotoka bila kuandikwa. Kuna namba ya silaha, jina la aliyeichukua, saa ya kutoka, saa ya kurudi na sahihi. Diski ya akiba yastahili heshima hiyo hiyo, kwa kuwa siri za kikosi au majalada ya kesi yakitoka nje, madhara yake huenda yakapita ya bunduki moja iliyopotea.

Mwezi Mei mwaka 2006 huko Marekani wezi walivunja nyumba ya mtumishi mmoja wa wizara inayoshughulikia askari wastaafu, wakaiba kompyuta ndogo pamoja na diski yake ya nje. Ndani yake mlikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu wapatao milioni 26.5, wengi wao askari waliostaafu. Taarifa hizo hazikuwa zimefungwa kwa maandishi ya siri. Vifaa vilipatikana mwishoni mwa mwezi Juni, na wapelelezi wakaona kwamba taarifa hazikuguswa. Hata hivyo mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo ilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi iliyofunguliwa na wastaafu. Yote hayo yalitokana na diski inayoingia mfukoni.

Kwa hiyo kila chumba cha diski kifungwe kwa maandishi ya siri. Windows za matoleo ya kiofisi zina BitLocker, Mac ina njia yake ya kufunga akiba ya Time Machine, na Linux ina LUKS. Iko pia programu ya VeraCrypt inayofanya kazi katika mifumo yote mitatu, nayo yafaa kwa kile chumba cha kupitishia. Neno la siri lisiandikwe juu ya diski, wala lisijulikane na mtu mmoja tu. Liwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ndani ya kasha la mkuu wa ofisi, kwa maana mtu huhamishwa, huugua na hufa.

Hapa Rwanda jambo hili lina sheria. Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda taarifa binafsi na faragha ya watu, na inataka taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi, isipokuwa kwa aliyepewa idhini na mamlaka inayohusika. Katika wilaya ya mpakani kama Rusizi, ambako daraja la kuelekea Bukavu liko umbali wa kutembea kwa miguu, mtu aweza kuipeleka diski nje ya nchi bila hata kukumbuka kwamba imo ndani ya mkoba wake.

MGENI ASIYEALIKWA

Diski inayotembelea mashine tatu ina hatari nyingine. Kama mbu anavyochukua homa kwa mmoja na kumpelekea mwingine, diski huchukua virusi kutoka kompyuta moja na kuvipeleka katika nyingine.

Majeshi makubwa yamelionja hilo. Mwaka 2008 flashi moja yenye virusi ilichomekwa katika kompyuta ya jeshi la Marekani kwenye kambi mojawapo ya Mashariki ya Kati. Virusi hivyo, vilivyopewa jina la Agent.btz, vikaenea katika mitandao ya kamandi ya eneo hilo, ya kawaida na hata ya siri. Mwezi Novemba mwaka huo wizara ya ulinzi ya nchi hiyo ikapiga marufuku flashi na vifaa vya namna hiyo, na marufuku haikuanza kulegezwa hadi Februari 2010. Jeshi lenye fedha na wataalamu wengi kiasi hicho lilisumbuliwa na kifaa chenye ukubwa wa kidole.

Tumejifunza kutokana na hilo kwamba diski ya akiba isiwe diski ya matembezi. Ichomekwe katika kompyuta zilizoandikwa katika daftari tu, na kila mara ikaguliwe na programu ya kuzuia virusi. Isipelekwe katika duka la kuchapisha picha mjini, wala isitumike kuchukulia filamu. Baada ya kazi itolewe kwa utaratibu katika mfumo, ndipo ichomolewe na kurudishwa kabatini. Isiachwe imechomekwa usiku na mchana, maana zipo programu za wahalifu ambazo hufunga mafaili yote ya kompyuta na kudai fidia. Zikiikuta diski ya akiba imechomekwa, huifunga nayo vile vile.

Mwisho wa fungu hili tuwakumbushe madereva na watarishi kwamba diski za kawaida zina sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kilicho karibu mno na sahani bila ya kuigusa. Diski ikianguka sakafuni wakati inafanya kazi, kichwa hicho hugonga sahani, na hapo hata fundi hodari hana ahadi ya kukupa.

MSHIKA MOJA

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Katika jambo hili sisi tumeona kwamba ndiye mshika moja anayebaki mikono mitupu. Tulikuwa tukisema "akiba iko kwenye diski," lakini kwa kukosa nafasi mpiga picha alikuwa amekwisha kufuta picha za zamani katika kompyuta yake. Kitu kilichokuwa akiba kikawa ndicho kitu chenyewe. Akiba maana yake ni nakala ya pili, na kinachokaa mahali pamoja tu hakistahili jina hilo.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ambayo sasa hutumiwa na wataalamu wengi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na mahali pa kazi. Watu wa Rusizi hawana haja ya kuelezwa kwa nini moja iwe mbali. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi lenye kipimo cha 5.9 lilipiga pande zote za kusini mwa Ziwa Kivu. Upande wa Rwanda peke yake walikufa watu zaidi ya 30, na wengine waliangukiwa na kuta wakiwa kanisani. Mbele ya msiba huo karatasi na mashine si kitu. Lakini waliobaki hai huhitaji majina, hati na kumbukumbu ili waanze upya, na kabati la chuma lililo chini ya dari ile ile iliyoporomoka halitawasaidia.

Kuhusu thamani ya nakala iliyo mbali, kuna kisa kilichotokea katika bara letu. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vilivyoitwa NotPetya viliishambulia kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, mojawapo ya kampuni kubwa kuliko zote duniani za kusafirisha makontena. Kompyuta zipatazo 45,000 zililazimika kuwekwa mifumo upya. Kampuni ilikuwa na mashine kama 150 katika nchi mbalimbali zilizotunza orodha ya mtandao wake mzima, kila moja ikiwa akiba ya nyenzake. Lakini zote zilikuwa zimeunganishwa, na zote zikafutwa, isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika katika ofisi yake kabla ya shambulio, ikawa nje ya mtandao, ikapona. Mtandao wa Ghana ulikuwa mwembamba mno kurusha mafaili hayo hadi Uingereza, na watumishi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mtumishi mmoja akapanda ndege na diski mkononi hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake katika uwanja wa ndege, na huyo akaruka nayo hadi London. Kampuni hiyo kubwa ikarudi kwa miguu ya diski moja iliyotoka Afrika.

Ghana ilikuwa bahati. Sisi tusingoje bahati ya kukatika kwa umeme. Tangu siku ya msiba wetu tumekuwa na diski mbili zilizogawanywa sawasawa. Moja iko kabatini na ya pili iko katika jengo jingine, mbali na ofisi. Kila mwisho wa wiki hubadilishana nafasi, kwa sahihi ya anayetoa na anayepokea. Na mara moja kila mwezi tunachagua faili moja kutoka kila chumba, tunalirudisha katika kompyuta na kulifungua. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni kama parachuti ambayo hakuna aliyeikagua.

PICHA YA MTU WA BUGARAMA

Msomaji atapenda kujua yule ndugu aliyefika ofisini alijibiwa nini. Tulimwambia ukweli, tukamwomba atupe siku kumi.

Fundi wetu wa mawasiliano aliichukua diski na kukataza mtu yeyote kuandika kitu juu yake, hata neno moja. Alieleza kwamba koplo alikuwa amefomati kwa njia ya haraka, ambayo hutupa leja bila ya kusafisha rafu. Kama angechagua njia ndefu, Windows za sasa zingeandika sifuri juu ya diski nzima na habari ingeishia hapo. Akatumia programu inayopita rafu moja baada ya nyingine ikitafuta vitu vyenye umbo la picha. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, usiku na mchana.

Video nyingi hazikufunguka, na taarifa zilirudi vipande vipande. Picha zilirudi kwa maelfu, lakini bila majina na bila folda, zimechanganyika gwaride na umuganda, mwaka huu na mwaka ule. Kwa jioni tatu yule ndugu aliketi na koplo wetu mbele ya kioo, wakizipitisha moja moja. Koplo aliomba kazi hiyo mwenyewe, hakuna aliyemwamuru.

Jioni ya tatu waliipata. Nusu ya chini ya picha ilikuwa kijivu kitupu, kwa sababu kipande hicho cha diski kilikuwa kimeandikwa kitu kingine. Mkanda, mikono na buti havikuwepo. Uso ulikuwepo, na kofia, na kola ya sare. Tuliikata chini ya kola, tukaichapisha, tukaitia katika fremu. Mtu wa Bugarama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama tunayo nakala nyingine, iwapo hii itaharibika.

Koplo akamjibu kwamba ziko tatu, na moja kati yake iko mbali.